Kiashiria cha Joto kwenye Kichupa cha Chanjo: Dhana Potofu na Ukweli

Vichupa vingi vya chanjo zinazonunuliwa kupitia UNICEF vina alama ndogo ya duara la zambarau lenye mraba wa rangi hafifu katikati. Kiashiria hicho cha joto kilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio ya matone, na ingawa ni kidogo kuliko ukucha, kimeokoa chanjo nyingi ambazo zingetupwa kwa wasiwasi tu. Makosa ya kukisoma hutokana zaidi na kukidai kiseme mambo ambayo hakikubuniwa kuyasema.

Dhana: Jokofu likizimika usiku kucha, chanjo zote zilizomo zimeharibika.

Ukweli: Kabla ya kiashiria hiki hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kutazama kichupa na kujua kimepitia joto kiasi gani tangu kiwandani, na mhudumu makini hakuwa na njia ila kutupa. Mraba umepakwa kemikali ambayo molekuli zake huungana taratibu kadiri zinavyopata joto, na kuungana huko ndiko kunakoukoleza rangi. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma, hivyo joto la jana ndani ya gari na joto la leo mezani hujumlishwa hata kama katikati yake kichupa kilirudishwa kwenye baridi. Mraba ukiwa bado hafifu kuliko duara na tarehe ya mwisho haijapita, chanjo inatumika. Ukilingana na duara au ukikolea zaidi, inatupwa. Kilicho cha kistadi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba viashiria vimetengenezwa kwa kasi tofauti kulingana na uvumilivu wa kila chanjo. Cha polio ya matone, iliyo dhaifu kuliko nyingine, hufikia kikomo kwa siku 2 katika nyuzi joto 37 za Selsiasi, lakini katika nyuzi 5 huchukua takriban siku 225, ilhali kile cha siku 30 katika nyuzi 37 huwekwa kwenye chanjo zinazostahimili joto, kama ya homa ya ini B.

Dhana: Mraba ulioanza kukolea ni dalili kwamba chanjo imepungua nguvu.

Ukweli: Mraba hauwi mweupe kabisa hata siku ya kwanza. Kichupa ambacho mraba wake umekolea kidogo bila kulifikia duara ni kizima, ila hutumika kabla ya vingine, hata vile ambavyo tarehe yake ya mwisho iko karibu zaidi.

Dhana: Mraba ukiwa hafifu, chanjo haina kasoro yoyote.

Ukweli: Hili ndilo kosa la hatari zaidi, kwa sababu kiashiria hupima joto peke yake na hakioni barafu. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na ile ya magonjwa matano katika sindano moja zina chumvi za aluminiamu ambazo, zikiganda, hushikamana zenyewe kwa zenyewe, na chanjo ikapoteza nguvu, huku mraba ukibaki vilevile. Mhudumu anayeshuku kuganda huchukua kichupa kingine cha toleo lilelile, akakigandisha makusudi na kukiyeyusha, kisha akavitikisa vyote viwili na kuviacha vitulie. Kinachoshukiwa kikituamisha mashapo kwa kasi sawa na kilichogandishwa au zaidi, hakitumiki. Chanjo ya polio ya matone haidhuriwi na kuganda.

Dhana: Mahali kiashiria kilipobandikwa hapana maana yoyote.

Ukweli: Kikiwa kwenye lebo ya chanjo ya maji yenye dozi nyingi, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kuendelea kutumika hadi siku 28, mradi kimetunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 na masharti mengine ya usafi yamezingatiwa. Kikiwa kwenye kifuniko au shingo ya kichupa, kama ilivyo kwa chanjo za unga za surua na kifua kikuu, huondoka pindi kichupa kinapofunguliwa, na wabunifu walikusudia hivyo, kwani chanjo hizo hazina dawa ya kuzuia bakteria: zikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6 au mwisho wa kliniki ya siku hiyo, lolote litakalotangulia.