Je, wajua? Mchezo uliowakimbiza matajiri Miami uliwanasa wafungwa

Tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot, haina kisa cha kusimulia. Wazururaji wawili wako kando ya barabara, penye mti, wanamngoja mtu aitwaye Godot. Haji. Kesho yake wanamngoja tena, na tena haji.

Januari 1956 ilichezwa Miami, Marekani, katika ukumbi uliojaa watu wa likizo. Matangazo yalikuwa yamewaahidi vichekesho vya kuvunja mbavu, na Bert Lahr, mchekeshaji waliyempenda, alikuwamo. Wengi waliondoka kabla ya sehemu ya pili. Sitawalaumu sana: umeuziwa biriani, unapakuliwa uji!

Tarehe 19 Novemba 1957 kikundi cha San Francisco kiliupeleka mchezo huohuo katika gereza la San Quentin, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Ulichaguliwa kwa sababu moja ndogo: hauna mwigizaji wa kike. Hofu ilikuwepo. Ikiwa wasomi wa London mwaka 1955 walikuwa wamegawanyika, wengine wakiuponda na wahakiki wa magazeti Harold Hobson na Kenneth Tynan wakiutetea, hawa je?

Mwongozaji Herbert Blau alipanda jukwaani kwanza akawaambia wausikilize kama wanavyosikiliza jazi, kila mtu achukue atakachokipata. Gazeti la gereza liliandika kuhusu wafungwa watatu wenye misuli waliokuja kutafuta wasichana na mzaha. Walipoona hakuna, walipanga kuchomoka taa zikizimwa. Walikosea kidogo tu: walisikiliza dakika mbili zaidi. Wakabaki hadi mwisho.

Kwa nini? Mtazamaji wa Miami alikaa akisubiri mchezo uanze. Mfungwa aliona umeshaanza, kwa kuwa anajua siku inavyouawa kwa maneno: kubishana bure, kuvua kiatu, kuvaa kiatu, kusema twende na kubaki palepale. Mwandishi wa habari alipouliza Godot ni nani, mfungwa mmoja alijibu kuwa ni jamii, mwingine akasema ni huko nje. Maprofesa wameijazia hoja hiyo rafu nzima za maktaba.

Rick Cluchey, aliyekuwa na kifungo cha maisha, hakuruhusiwa kutoka seli usiku ule. Baadaye alianzisha na wenzake kikundi cha maigizo humohumo gerezani, wakawa wanaicheza michezo ya Beckett. Mwaka 1977 alikuwa huru, yuko Berlin, jukwaani, na aliyekuwa akimwongoza ni Beckett mwenyewe.