Si kila kura ya mbunge huandikwa

Wakenya wengi huamini kwamba kumbukumbu za Bunge huonyesha kila mbunge alivyopiga kura. Sivyo. Maamuzi mengi hupita kwa sauti: Spika huuliza, wabunge huitikia "ndiyo" au "la", naye huamua upande ulioshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Majina hupatikana tu wabunge wanapohesabiwa mmoja mmoja, kama Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku kama hizo ndizo za kufuatilia kwa makini.

Kupima kazi ya mbunge kwa kuhesabu miswada aliyowasilisha pia hupotosha, tena vibaya. Mswada wa serikali hutungwa wizarani, kisha huwasilishwa na kiongozi wa wabunge walio wengi au mwenyekiti wa kamati ya Bunge. Jina lake juu ya karatasi halimfanyi mwenye wazo.