Dhana potofu zinazomchelewesha mchezaji mpya wa EVE Online

Mtu anayefungua akaunti ya EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa vyombo vya angani, leo anaingia katika ulimwengu uleule uliofunguliwa tarehe 6 Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavík, Aisilandi. Ulimwengu huo, unaoitwa New Eden, una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na ukiacha seva ya China inayojitegemea, wachezaji wa dunia nzima hukutana humo kwa pamoja, wakirithi vita, uhasama na urafiki wa waliowatangulia. Jambo hilo linavutia, na papo hapo linamtisha mgeni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaowapokea wageni katika shirika letu, yaani kundi la wachezaji wanaoshirikiana humo mchezoni, na nimeona kwamba wengi wanaoacha mapema huwa wamechoshwa na mipango waliyoijenga juu ya taarifa zisizo sahihi. Zifuatazo ndizo ninazokutana nazo mara nyingi zaidi.

"Wakongwe wamenitangulia kwa miaka ishirini, sitawafikia kamwe"

Dhana hii inatokana na namna ujuzi unavyopatikana. Katika EVE, mhusika hapandi ngazi kwa kuua maadui. Ujuzi huwekwa kwenye foleni, na foleni hiyo husonga kwa saa za kawaida hata kompyuta ikiwa imezimwa. Anayelipia, yaani Omega, hujifunza kwa kasi maradufu ya mwenye akaunti ya bure, yaani Alpha, aina iliyoletwa Novemba 2016. Mgeni akiyajua hayo hupiga hesabu na kukata tamaa, kwa kuwa aliyeanza mapema ataendelea kuwa mbele yake daima.

Hesabu hiyo ya jumla ni sahihi, ila haielezi kinachotokea vyombo viwili vinapokutana. Kila ujuzi una ngazi tano tu, na ngazi ya tano ikishafikiwa hakuna cha kuongeza. Mkongwe mwenye alama za ujuzi milioni 200 anapopanda frigeti, yaani chombo kidogo cha vita, kinachomsaidia ni ule ujuzi mchache unaohusu frigeti hiyo, silaha zake, ngao zake na injini zake. Ujuzi wake wa kuendesha manowari kubwa, wa kuyeyusha madini na wa kufanya biashara haumfai kitu katika pambano hilo. Mgeni aliyetumia miezi michache kujifunza chombo kimoja tu anaweza kuwa sawa naye kabisa kwa takwimu, na tofauti itakayobaki ni ya uzoefu.

Kuna jambo jingine ambalo natamani kila mgeni aambiwe siku ya kwanza. Ujuzi mwepesi kabisa unahitaji alama takriban 45,000 kufika ngazi ya nne, lakini unahitaji 256,000 kufika ngazi ya tano. Kwa kasi ya kawaida ya Omega, ambayo ni kama alama 1,800 kwa saa, ngazi nne za mwanzo humalizika kwa siku moja na ushei, na ngazi ya tano peke yake huchukua karibu siku tano zaidi. Ikiwa ujuzi huo unaongeza nguvu kwa asilimia 5 kwa kila ngazi, siku ile moja imekupa asilimia 20, na siku tano zinazofuata zinakupa asilimia 5 tu. Kwa sababu hiyo huwa nawasihi wageni wapeleke ujuzi wa msingi, yaani ule wa umeme wa chombo, betri, ngao, mwili wa chombo, mwendo na ulengaji, hadi ngazi ya tatu au ya nne kabla ya kufikiria kukamilisha wowote. Ngazi ya tano ina wakati wake, hasa pale inapofungua vyombo vya daraja la pili na moduli, yaani vifaa vinavyofungwa kwenye chombo, za daraja hilo.

"Nikifa nitapoteza ujuzi wangu"

Hili lilikuwa kweli zamani kwa mchezaji aliyesahau kulipia kloni (mwili wa akiba ambamo mhusika hufufukia) ya kutosha, lakini utaratibu huo uliondolewa mwishoni mwa 2014. Leo kifo kinakugharimu chombo, mzigo uliobeba na, ikiwa kapsuli yako, yaani ganda dogo la rubani linalobaki chombo kikilipuka, nayo imelipuliwa, vipandikizi vilivyokuwa kichwani mwa kloni. Ujuzi wote unabaki.

"Chombo kikubwa ndicho chombo bora"

Kati ya dhana zote, hii ndiyo iliyowaumiza wengi niliowajua. Mgeni huona ngazi ya frigeti, destroya, kruza na hatimaye manowari kubwa, akadhani ni ngazi ya vyeo ambayo kila mtu lazima aipande haraka. Kijana mmoja tuliyempokea alikusanya fedha zake zote kwa wiki tatu, akanunua manowari kubwa na kuijaza moduli hafifu, kwa kuwa ujuzi wake haukuruhusu zilizo nzuri. Aliipoteza jioni ya kwanza, mbele ya frigeti chache za maharamia wanaoendeshwa na mchezo wenyewe. Bunduki zake kubwa hazikuweza kugeuka kwa kasi ya kuzifuata frigeti zilizokuwa zikimzunguka kwa karibu, na kasi yake ndogo haikumruhusu kuzikimbia. Hakurudi tena mchezoni, na mpaka leo najuta kwamba hatukumweleza mapema.

Katika EVE ukubwa hubadilisha kazi ya chombo, na kila ukubwa una udhaifu wake. Silaha kubwa hupiga kwa nguvu vitu vikubwa na vya polepole, lakini hukosa vidogo vyenye mbio. Zaidi ya hayo, kuna aina nne za madhara, yaani ya sumakuumeme, ya joto, ya mgongano na ya mlipuko, na kila kundi la maharamia lina aina linazozipiga na nyingine linazoziogopa. Guristas, kwa mfano, hupiga kwa mgongano na joto, ilhali Blood Raiders hupiga kwa sumakuumeme na joto. Destroya iliyopangwa kwa kujua hayo hufanya kazi ambayo kruza iliyojazwa ovyo haiiwezi.

Usisahau pia kwamba bima hulipia chombo chenyewe tu, wala haigusi moduli zilizofungwa ndani yake. Usirushe chombo ambacho huwezi kununua kingine kama hicho, na moduli zake zote, siku hiyohiyo. Hata wenye vyombo vikubwa kupita vyote huvipoteza: katika pambano la B-R5RB la Januari 2014, lililodumu kwa takriban saa 21, titani 75 ziliangamizwa. Wenye titani hizo walikuwa na miungano mizima ya kuwasaidia kujenga nyingine. Mgeni hana.

"Anga yenye usalama wa juu ni salama"

Kila mfumo wa nyota una kiwango cha usalama. Kuanzia 1.0 hadi 0.5 huitwa usalama wa juu, 0.4 hadi 0.1 ni usalama wa chini, na kuanzia 0.0 kwenda chini hakuna polisi kabisa. Neno "usalama" ndilo linalopotosha. Polisi wa CONCORD hawamzuii mtu kukushambulia. Wanamwadhibu baada ya kuanza. Katika mfumo wa 1.0 wanafika baada ya sekunde chache, na katika mfumo wa 0.5 wanaweza kuchukua karibu sekunde 20. Genge la destroya za bei nafuu zilizojazwa silaha linahitaji muda mfupi kuliko huo kulipua chombo cha mizigo kisicho na ulinzi. Washambuliaji wanajua kwamba watapoteza destroya zao zote, na wameshaliweka jambo hilo kwenye hesabu, kwa sababu kwa wastani nusu ya mzigo husalia kwenye mabaki na mwenzao yuko kando akisubiri kuuokota.

Kwa hiyo swali ambalo mgeni anapaswa kujiuliza kabla ya kuondoka kituoni ni kama mzigo alioubeba una thamani kubwa kuliko gharama ya kumlipua. Mizigo yenye thamani igawanywe katika safari kadhaa, na chombo kifungwe moduli za kukiongezea uhai badala ya kujazwa zile za kuongeza nafasi ya mizigo tu. Usafiri wa kujiendesha wenyewe usitumike ukiwa na mali, kwa maana hukushusha kilomita kadhaa kabla ya lango la kuvukia mfumo mwingine na kukuacha ukitambaa mbele ya yeyote anayekuvizia, ilhali ukiendesha kwa mkono unatua langoni hasa. Njia itazamwe kwenye ramani kabla ya safari. Jita, ambako ndiko kwenye soko kubwa kuliko yote, huvutia wawindaji wakati wote, na mfumo wa Uedama, ulio kwenye njia ya kutoka Jita kwenda kwenye soko la Dodixie na wenye kiwango cha 0.5, umejulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kuviziwa.

Hapohapo Jita utakuta watu wakitangaza kwamba ukiwatumia ISK, yaani fedha za mchezo, watakurudishia maradufu. Utapeli wa namna hiyo unaruhusiwa na kanuni za mchezo, na msimamizi hatakurudishia ulichotoa kwa hiari yako. Mikataba nayo isomwe hadi sifuri ya mwisho ya bei.

"Madini niliyochimba mwenyewe ni ya bure"

Nimewahi kubishana juu ya hili usiku kucha na rafiki ambaye sasa ni mfanyabiashara mahiri humo mchezoni. Alikuwa akichimba Veldspar kwa chombo chake cha Venture, akaiyeyusha kupata Tritanium, akaunda frigeti na kuziuza kwa bei ya chini kuliko wote, akiamini kwamba kila ISK iliyoingia ilikuwa faida. Tulipokaa tukapiga hesabu, tulikuta kwamba Tritanium na madini mengine yaliyoingia katika frigeti hizo yangeuzwa sokoni kama yalivyo kwa fedha nyingi kuliko frigeti zenyewe. Alikuwa akitumia jasho lake kuwapa wanunuzi ruzuku.

Ukweli ni kwamba madini yana bei ya soko yawe yamenunuliwa au yamechimbwa, na kuyatumia ni kuacha kuyauza. Tuseme madini ya chombo fulani yanauzwa kwa milioni 10 na chombo kilichokamilika kinauzwa kwa milioni 9. Anayekiunda anapoteza milioni moja kila mara, pamoja na muda wake. Kabla ya kuunda chochote, linganisha bei hizo mbili, ongeza ada za kiwanda na kodi za soko, ndipo uamue. Kuchimba kwenyewe si kosa, na wapo wanaokupenda kwa utulivu wake, ila lazima mtu ajue anachouza.

"Fedha halisi zitanivusha"

PLEX ni bidhaa inayouzwa kwa fedha halisi, na mwenye nayo anaweza kuitumia kulipia Omega, ambapo PLEX 500 hununua mwezi mmoja, au kuiuza kwa wachezaji wengine kwa ISK. Mgeni anaweza pia kununua sindano za ujuzi, na kila moja kubwa humpa alama 500,000 ikiwa bado hajafika milioni 5. Yote hayo ni halali. Hata hivyo, hakuna anayeuza uwezo wa kutambua kwamba orodha ya watu waliomo kwenye mfumo imeongezeka jina moja usilolijua, wala mazoea ya kujua lini pambano limeshapotea na ni wakati wa kukimbia. Aliyenunua chombo cha bei ghali bila hayo huwa amelipa fedha halisi ili apoteze chombo kikubwa zaidi. Kosa la upande wa pili ni la mgeni anayejilazimisha kulipia Omega kwa ISK tangu mwezi wa kwanza, akageuza kila jioni yake kuwa kibarua cha kuchimba mpaka akauchukia mchezo. Alpha inatosha kabisa kujifunzia.

"Niwe na nguvu kwanza, ndipo nijiunge na shirika"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa ndivyo ilivyo. Frigeti ya bei ndogo yenye moduli ya kumzuia adui asiruke inaweza kukishikilia chombo kikubwa mpaka wenzake wafike, na rubani wa siku kumi anaiweza kazi hiyo. Mashirika mengi hurudisha gharama ya frigeti iliyopotea katika kazi ya namna hiyo. EVE University imekuwa ikifundisha wageni tangu 2004, na yapo mengine kadhaa yanayompokea mtu siku ile ile aliyojiandikisha. Anayesubiri awe na nguvu anajinyima walimu katika kipindi anachowahitaji zaidi.

"Anga isiyo na polisi si mahali pa mgeni"

Nakubali kwamba mgeni hapaswi kupeleka huko kitu cha thamani. Lakini frigeti ya upelelezi kama Heron au Imicus, pamoja na kirushia vipelelezi na vifaa vya kufungulia makasha ya data na ya mabaki ya kale, hupatikana kwa bei ndogo na huhitaji ujuzi wa siku chache tu. Kwa chombo hicho mgeni anaweza kuchuma katika saa moja zaidi ya alichochuma wiki nzima ya kuchimba, na akilipuliwa anapoteza kidogo. Anachohitaji ni mazoea ya kubonyeza skana ya mwelekeo kila baada ya sekunde chache, ambayo huona hadi AU 14.3, yaani zaidi ya mara 14 ya umbali wa dunia na jua. Mazoea hayo ni ya lazima zaidi katika anga inayofikiwa kupitia matundu (wormhole) yanayofunguka kwa muda na kufungika, kwa kuwa huko orodha ya watu waliomo haimwonyeshi mtu mpaka aandike neno. Humo pia atazame jina la eneo kabla ya kuruka: maeneo yenye majina ya makundi ya maharamia, kama Guristas au Serpentis, hayana walinzi wa mchezo, ilhali yale yanayoanza na "Forgotten" au "Unsecured" yanalindwa na Sleepers, roboti hatari za mchezo, ambao frigeti yake haitawahimili hata kidogo.