Kitabu juu ya meza: mishale miwili isiyo pacha

Nimeuona tena mchoro ule. Kitabu kimelala juu ya meza. Mshale mmoja unashuka, umeandikwa "uzito", mwingine unapanda, umeandikwa "kani ya meza" (kani ni msukumo au mvutano wowote), na chini yake sentensi ileile: "Kani hizi zinalingana na kupingana kwa mujibu wa Kanuni ya Tatu ya Newton." Safari hii haukutoka kwa mwanafunzi. Ulikuwa kwenye muhtasari uliochapwa kwa rangi, ulioandaliwa na mtu anayelipwa kufundisha fizikia. Mwanafunzi akiuchora namsahihisha, yanaisha. Mwalimu akiuchora, darasa zima linaukariri, na kinachokaririwa mapema hakibanduki hata kwa patasi.

Kwa wenye haraka: mishale ile miwili si jozi ya Kanuni ya Tatu. Haijawahi kuwa. Inalingana (takriban, na hilo "takriban" nitalirudia) kwa sababu kitabu hakichapuki, yaani hakibadili mwendo wake, na kutochapuka ni shauri la Kanuni ya Pili: jumla ya kani zinazokiangukia kitu kimoja ni tungamo (wingi wa maada yake, kwa kilo) mara mchapuko, mchapuko ukiwa sifuri, jumla ni sifuri. Kanuni ya Kwanza nayo mnaijua, kitu kisichobughudhiwa huendelea kama kilivyokuwa. Tusipoteze muda huko.

Kanuni ya Tatu inazungumzia jambo jingine kabisa: kitu kimoja kikikisukuma au kukivuta kingine, hicho cha pili nacho humrudishia mwenzake kani ileile, kwa upande wa kinyume. Newton alipoitoa mwaka 1687 katika kitabu chake *Principia* alitoa mifano miwili ya kawaida mno: ukibonyeza jiwe kwa kidole, kidole nacho kinabonyezwa na jiwe, na farasi akivuta jiwe kwa kamba, naye anavutwa kuelekea kwenye jiwe kwa kani ileile. Tazama wahusika. Kidole na jiwe, jiwe na kidole. Ni walewale wawili, wamebadilishana tu nafasi ya mtenda na mtendwa. Hakuna mtu wa tatu anayeingia.

Kwa hiyo nawalazimisha wanafunzi wangu waache kuandika "uzito" na "mjibizo" (jina jingine la kani ya meza) peke yake. Kila kani iandikwe kama sentensi yenye mtenda na mtendwa. Dunia inakivuta kitabu. Sasa geuza: kitabu kinaivuta Dunia. Hiyo ndiyo jozi ya kwanza. Meza inakisukuma kitabu. Geuza: kitabu kinaisukuma meza. Hiyo jozi ya pili. Kani nne, jozi mbili, na mchoro wa muhtasari ule umechukua mmoja kutoka kila jozi ukawafungisha ndoa. Yote miwili inakiangukia kitabu, ilhali kani za jozi ya kweli haziangukii kitu kimoja hata siku moja.

Tena kani za jozi ya kweli ni za aina moja. Mvutano hujibiwa kwa mvutano, mgusano kwa mgusano. Uzito ni mvutano wa Dunia, nao hauhitaji kugusa. Kani ya meza chimbuko lake ni umeme wa atomi za meza na za kitabu zinazokataa kusogezwa karibu zaidi. Wapi na wapi? Kudai kani hizi mbili ni jozi kwa kuwa zina ukubwa mmoja ni kama kudai watu wawili ni mapacha kwa kuwa wamelingana kimo.

Hapa ndipo huinuka mtu nyuma ya darasa: "Lakini, mwalimu, mbona hesabu inatoka vilevile?" Inatoka, ndiyo, kwa bahati. Basi tuiondoe bahati.

Weka meza na kitabu cha kilo 1 ndani ya lifti. Lifti ikiwa imesimama, Dunia inakivuta kitabu kwa nyutoni 9.8 (nyutoni ni kipimo cha kani) na meza inakisukuma kwa nyutoni 9.8. Sasa lifti ianze kupanda, ikichapuka kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Dunia haijui habari za lifti, bado inavuta kwa 9.8. Meza sasa inasukuma kwa 11.8, vinginevyo kitabu kisingechapuka pamoja nayo. Tofauti ya nyutoni 2, mchana kweupe. Kama zile mbili zingekuwa jozi ya Kanuni ya Tatu, basi kanuni imevunjika ndani ya lifti na tungepaswa kuwapigia simu watu wa magazeti. Haikuvunjika. Angalia jozi za kweli: meza inakisukuma kitabu kwa 11.8, kitabu kinaisukuma meza kwa 11.8. Dunia inakivuta kitabu kwa 9.8, kitabu kinaivuta Dunia kwa 9.8. Kila pacha yuko sawa na pacha wake, lifti ipande, ishuke, itetemeke. Lifti ikipata mwendo wake na kuacha kuchapuka, ile kani ya meza inarudi 9.8, ingawa bado tunapanda kwa kasi. (Wako wanaodhani meza inasukuma zaidi muda wote wa kupanda. Huo ni ugonjwa mwingine, wa kudhani mwendo unahitaji kani, nao una makala yake.) Na breki zote zikifeli na lifti ikaanguka huru, meza haisukumi kitu, sifuri, wakati uzito uko palepale 9.8. Pacha mmoja amekufa na mwingine hana habari?

Sasa lile "takriban". Hata bila lifti, kitabu juu ya meza kwenye ikweta hakijatulia. Kinazunguka pamoja na Dunia, na kitu kinachozunguka kinachapuka kuelekea katikati ya duara lake. Mchapuko wenyewe ni mdogo, kama mita 0.034 kwa sekunde kila sekunde, lakini lazima utoke mahali. Unatoka kwenye tofauti: meza inasukuma kidogo pungufu ya mvutano wa Dunia, pungufu ya kama asilimia 0.35. Maana yake ni kwamba mishale ya muhtasari ule, iliyochorwa kwa rula ili ilingane kabisa, hailingani hata kwenye meza ya kawaida, isipokuwa uihamishie meza ncha ya kaskazini au ya kusini. Jozi za kweli zinalingana kokote. Simtaki mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akokotoe hilo, 9.8 inatosha kabisa. Ninachokataa ni kumwambia kwamba kuna kanuni kuu ya maumbile inayolazimisha usawa ambao haupo.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama kitabu kinaivuta Dunia, mbona Dunia haisogei? Inasogea. Gawanya nyutoni 9.8 kwa tungamo la Dunia, kilo 5.97 × 10²⁴, uone mchapuko unaobaki. Kitabu cha kilo moja kikianguka mita moja, Dunia inapanda kukilaki kwa umbali mdogo kuliko protoni mabilioni ya mara. Hakuna kifaa kitakachokipima hicho, na sikulaumu ukikitilia shaka. Basi chukua mshirika mnene zaidi. Mwezi una tungamo la takriban moja ya 81 ya Dunia, na Mwezi hauizungukii Dunia iliyotulia tuli: vyote viwili vinazunguka nukta moja iliyo kama kilomita 4,670 kutoka kitovu cha Dunia. Nukta hiyo imo ndani ya Dunia, chini ya miguu yetu, lakini si kitovu. Dunia inayumbishwa kila mwezi na kani ileile ambayo watu huichora upande mmoja tu.

Mgongano wa lori la tani 20 na gari la tani 1 nitaupitia mbio: kani ni sawa kwa sawa, mchapuko wa gari ni mara 20. Anayesema lori "lilitoa kani kubwa zaidi" anachanganya kani na madhara yake.

Farasi na mkokoteni wanastahili mistari michache, kwa sababu hapo ndipo mchoro mbovu unapotoa mazao. Aliyefundishwa kwamba jozi ya Kanuni ya Tatu huangukia kitu kimoja atauliza, tena kwa akili kabisa: farasi akivuta mkokoteni, na mkokoteni ukimvuta farasi kwa kani ileile, si zinafutana? Mkokoteni utaendaje? Kwa alichofundishwa, hautaenda. Hakuna kitu kitakachoenda popote ulimwenguni. Jibu ni kuhesabu kani za kitu kimoja kimoja. Mkokoteni: farasi anauvuta mbele, msuguano unaurudisha nyuma, cha kwanza kikizidi, unachapuka. Farasi: mkokoteni unamvuta nyuma, ardhi inamsukuma mbele kwa sababu yeye anaisukuma nyuma kwa kwato. Kani mbili zilizoko kwenye miili tofauti hazifutani, maana hakuna mwili wa kuzijumlisha.

Wasomi pia hunaswa. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mtaalamu wa roketi, kwamba hajui hata yanayofundishwa sekondari: roketi itasukuma nini kwenye ombwe, mahali pasipo na hewa? Mhariri alimtafuta pacha wa kani mahali pasipo pake. Roketi inaisukuma gesi yake nyuma, gesi inaisukuma roketi mbele. Wahusika wawili, wamekwisha. Hewa ya nje haikualikwa, na ikiwepo inazuia tu. Gazeti lilisahihisha kauli yake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya chombo cha Apollo 11 kuruka kuelekea Mwezini. Goddard alikuwa amefariki mwaka 1945.

Nimekuwa mkali, kwa hiyo haki inataka niseme pia pale ambapo miguu yangu mwenyewe haikanyagi imara.

Kanuni ya Tatu kama tunavyoifundisha haishiki kila mahali. Chaji mbili za umeme zinazokwenda kwa pembe mraba zinaweza kuathiriana kwa kani za sumaku ambazo si sawa wala si kinyume. Kinachookoa mambo ni kwamba uga wenyewe, yaani eneo la umeme na sumaku linalozizunguka chaji, unabeba momenta (kwa vitu vya kawaida, tungamo mara mwendo), na ukiijumlisha hiyo, hesabu inafunga. Kumbe kilicho imara ni uhifadhi wa momenta, na Kanuni ya Tatu ni sura yake pale uga unapokaa kimya. Mara nyingi nadhani tungeanza na momenta na kuacha jozi zije zenyewe. Sijathubutu, maana mitihani haiulizi hivyo.

Halafu kani yenyewe ni nini? Ukiniambia kani ni tungamo mara mchapuko, nitakuuliza tungamo ulilijuaje bila kani. Mwanafizikia Ernst Mach alilikoroga hili mwaka 1883 akapendekeza uwiano wa tungamo upatikane kutokana na michapuko ambayo vitu viwili vinapeana. Yaani Kanuni ya Tatu ikawa msingi na Ya Pili ikabaki karibu kuwa tafsiri tu. Siku nyingine naona Kanuni ya Pili ni ukweli kuhusu ulimwengu, siku nyingine naona ni namna yetu ya kuweka hesabu. Vitabu vya utangulizi vinaipita hoja hii kwa vidole vya miguu, nami darasani nafanya vivyo hivyo.

Na Einstein, tangu 1915, anasema mvutano si kani. Kitabu kinachoanguka huru hakisukumwi na chochote. Kilicho mezani kina kani moja tu, ya meza. Ukinijia na hilo kwenye mtihani, likiwa limeelezwa sawasawa, utapata alama zote na kiti mbele ya darasa. Ukinijia na mishale miwili ya muhtasari, sifuri.

Kabla hamjaniandikia: ndiyo, hewa pia inakiinua kitabu, kama gramu 1.2 kwa kila lita ya ujazo wake, mradi imepenya chini yake, na kwa kawaida hupenya. Sikuichora. Pacha wake ni kitabu kuikandamiza hewa.