Kikaango cha senene na ugomvi wa mwaka wa kwanza wa ndoa

Wanandoa wapya wakija kwangu hapa Kampala kutafuta ushauri, wengi hawaji na kesi kubwa, wanakuja na kikaango, makaa, taulo mbichi iliyoachwa kitandani, viatu vilivyoingia ndani mtu akiwa ametoka kudeki, na wanaona aibu hata kusema, eti ni mambo ya kitoto. Mi naona si ya kitoto hata kidogo. Ni mambo ambayo hakuna aliyeyataja siku ya kwanjula, ile ya kutambulishana kwa wakwe, wala kanisani, wala msikitini, kwa sababu kila mmoja alijua tu kwamba ndivyo watu wanavyoishi.

Ngoja niwape mfano, nimebadilisha kidogo ili wasijulikane. Bwana ni Muganda wa upande wa Masaka, amelelewa na jajja wake, mzazi wa mzazi wake. Bibi ni Mtooro wa magharibi mwa Uganda lakini baba yake alikuwa mwanajeshi, amekulia kambini Jinja, Kiswahili ndo lugha ya utotoni mwake na ndo wanayoongea wakiwa wawili. Wanakaa kwenye muzigo, chumba kimoja na pazia katikati. Sasa bwana anajua chakula ni matoke, yafungwe kwenye majani ya mgomba, yaive kwa mvuke, yapondwe, yarudi tena jikoni yakae na moto wao mpaka mtu afike. Bibi amezoea posho, yaani ugali, na maharage, maji yakichemka unga unaingia, unasonga, watu wanakula, vyombo vinaoshwa, kazi imeisha. Yeye anaona makaa yanateketea bure, bwana anaona mke hataki kumpikia, na kila wiki ugomvi ni wa bei ya makaa. Makaa ni ghali kweli mjini, sikatai, lakini hata ukiwapa gunia la bure watagombana, manake yule bwana matoke ya moto ndo yalimwambia utotoni kwamba kuna mtu anamngoja nyumbani, na yule bibi kumaliza kazi haraka ndo kitu mama yake alimsifia. Kila mtu anatetea nyumba iliyomlea, na mwenzake hajui kama anaitukana.

Ndo maana swali langu la kwanza huwa si nani ana makosa. Nauliza hii tabia imetoka nyumba ya nani, na ilikuwa na maana gani huko? Na mwenzake anasikiliza bila kujibu mpaka amalize, hata kama anawashwa ulimi.

Mwezi wa 11 senene, wale panzi wa kuliwa, wakaingia mjini, bibi akanunua kikombe, akawakaanga vizuri na kitunguu, kwa furaha, kwenye kikaango cha nyumba. Bwana ni wa ukoo wa Nsenene! Senene ni mwiko wake, haruhusiwi kula, na kikaango kile hakukigusa tena, siku nzima hakuongea. Bibi analia, anasema kwani nimemlazimisha kula? Hapo hakuna mbaya. Bwana hakuwahi kumweleza mwiko wa ukoo kwa kirefu kwa sababu kwao hata mtoto anajua, na bibi kambini alikua na watoto wa makabila yote, kila mtu anakula alichopata. Kikaango cha pili kimenunuliwa, senene wanakaangwa nje kwenye sigiri, imeisha.

Lakini bibi naye alikuwa na lake amelibeba muda mrefu. Watooro wana empaako, majina ya heshima na mapenzi kama Amooti, Abwooli, Akiiki, Adyeri, na kwao kumsalimia mtu wako asubuhi bila empaako yake ni kama umemkasirikia. UNESCO mwaka 2013 waliuweka huo utamaduni kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hiyo si kitu kidogo. Bwana alikuwa anamwita kwa jina la ubatizo tu, kila asubuhi, kwa nia njema kabisa, na bibi kila asubuhi anahisi baridi na hasemi. Alipolisema ofisini bwana akashangaa mno, akauliza hapohapo, empaako yako ni ipi?

John Gottman wa Marekani, ambaye ametafiti wanandoa kwa miaka mingi, anasema karibu asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haiishi, inatokana na tofauti za watu wenyewe. Wengine wakisikia hivyo wanakata tamaa, mi nawaambia mshukuru, manake mnaacha kutafuta mshindi. Na yeye na Sybil Carrère mwaka 1999 walitoa utafiti wa wanandoa wapya 124, wakaonyesha kwamba dakika tatu za kwanza za mazungumzo ya ugomvi zinatosha kukisia nani wataachana baadaye. Tatu tu! Kwa hiyo ukianza na "wewe na uchafu wa kwenu" umeshaharibu, hata kama una haki. Sema kilichotokea, sema kinavyokuuma, omba unachotaka: "nimedeki nikakuta viatu ndani, nimechoka jamani, naomba viwe vinabaki mlangoni." Mkiona moyo unaenda mbio pumzikeni kama dakika ishirini hivi, na kwenye muzigo hakuna chumba cha kujifungia, basi chukua jerikeni nenda bombani, lakini aga, sema narudi tumalizie, usiondoke kimya.

Halafu mpeane muda. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya, matokeo yakachapishwa 2010: wa haraka siku 18, wengine ilikadiriwa wangehitaji mpaka siku 254, katikati hapo kama 66. Sasa wewe unataka mtu wa miaka thelathini aache kutupa taulo kitandani kwa wiki moja?

Suala la ndugu sitalizunguka. Ssenga, yaani shangazi, ni hazina, anamwandaa binti mambo mengi ambayo mimi siwezi, ila ssenga ana upande, na ukituma voisi ya dakika tano kwenye grupu la familia kuhusu taulo, nyinyi mtasameheana usiku na wao watakumbuka miaka kumi. Ya taulo yabaki ndani. Ya mila ndo wazee wayaeleze, na mapema. Mama yake bibi alipokuja kutembea akataka kumkumbatia mkwe, bwana akaruka nyuma, kwa sababu kwa Waganda mkwe na mama mkwe hawagusani, ni obuko, mwiko wa wakwe, na mama wa watu akadhani amechukiwa. Na kulala mama mkwe kwenye muzigo huo mmoja haiwezekani kabisa, kwa hiyo kabla mgeni hajapanda basi mjue atalala kwa jirani gani. Hata kupiga magoti kuhudumia chakula, mkubaliane nyinyi wawili kwanza, si mbele ya mashangazi.

Ila haya yote ninayosema ni ya tabia. Mtu anayekupiga, anayekunyang'anya mshahara, anayekufungia ndani au kukutukana kila siku, hiyo usiniletee kama "kwao ndivyo walivyo". Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 ya ukatili wa nyumbani inahesabu kipigo, matusi, hata kunyimwa pesa kwa makusudi, na unaweza kushtaki kwenye mahakama ya LC, ile ya baraza la mtaa, ya unapoishi au polisi, kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Huyo simuiti kwenye kiti cha mazungumzo na wewe, wewe nakusindikiza polisi kwanza.