Swadesamitran: gazeti la Kitamil na yanayosemwa juu yake

“Lilikuwa The Hindu iliyotafsiriwa tu.”
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linalifanya gazeti la Kitamil kuwa mkia wa gazeti la Kiingereza. Ni kweli magazeti yote mawili yalipitia mikononi mwa mtu mmoja, G. Subramania Iyer, mwalimu wa shule mjini Madras, kusini mwa India, ambao leo ni Chennai. Septemba 1878 yeye na vijana wenzake watano walikopa rupia 1 na anna 12 (anna 16 zilifanya rupia moja), wakachapa nakala 80 za toleo la kwanza la The Hindu. Mwaka 1882 akaanzisha Swadesamitran, kwa wale ambao Kiingereza hakikuwafikia, nao ndio waliokuwa wengi. Kisha 1898 akajitoa The Hindu na kubaki na la Kitamil. Aliacha gazeti lililosomwa na mawakili na maafisa wa serikali, akaweka nguvu zake zote kwenye lugha ya nyumbani. Nani angefanya hivyo kwa ajili ya tafsiri?

“Lilitoka kila siku tangu mwanzo.”
Hapana. Lilianza kama gazeti la wiki, likawa la kila siku mwaka 1899.

“Kabla yake Kitamil hakikuwa na magazeti.”
Yalikuwepo. Mmisionari Peter Percival, kwa mfano, alianzisha Dinavartamani mwaka 1855. Upya wa Swadesamitran ulikuwa kwamba Mtamil mwenyewe alishika kalamu na kuizungumzia siasa ya nchi yake kwa lugha yake.

“Ni gazeti la mshairi Bharati.”
Subramania Bharati aliajiriwa hapo 1904 kama mhariri msaidizi, akiwa na umri wa miaka 21 au 22. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza habari na hotuba za Kiingereza ziwe Kitamil cha kueleweka, na naamini hapo ndipo nathari yake ilipopata makali. Lakini maandishi yake makali zaidi ya kisiasa aliyapeleka kwenye gazeti la wiki liitwalo India, kuanzia 1906. Serikali ya Waingereza ilipoliandama gazeti hilo, 1908, alikimbilia Pondicherry, iliyokuwa chini ya Wafaransa. Alirudi Swadesamitran 1920, akafariki Septemba mwaka uliofuata.

“Iyer alikuwa mpole, wakali walikuwa wengine.”
Mwaka 1908 huohuo naye alikamatwa kwa kosa la uchochezi. Na ukali wake haukuwalenga Waingereza peke yao. Mwaka 1889 alimwoza tena binti yake, aliyefiwa na mume angali mtoto, jambo ambalo Wabrahmini wenzake, watu wa tabaka la juu la Kihindu, walilihesabu kuwa aibu kubwa. Walimtenga, na hakurudi nyuma.

“Lilibaki mikononi mwake hadi kifo.”
Alifariki 1916, lakini mwaka mmoja kabla gazeti lilikuwa limekwisha kuhamia kwa A. Rangaswami Iyengar, ambaye baadaye alikuja kuwa mhariri wa The Hindu.