"Bibi, hizi dawa ni za nini?"

Maswali yafuatayo huulizwa sana na bibi wa vijiji vya Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, wanaolea wajukuu waliozaliwa na VVU.

Mjukuu wangu ana miaka 9. Nilimwambia dawa ni za kifua. Nimemkosea?

Alipokuwa mdogo ulimlinda. Ila uongo huo una siku zake. Sasa anajua kusoma: jina la dawa liko kwenye kopo, na mabango yamejaa kwenye kuta za kliniki. Tena kifua chenyewe hakimuumi! Ipo siku atachoka, azitupe nyuma ya zizi kimyakimya, nawe usijue mpaka kipimo kionyeshe virusi vimepanda. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa kwenda shule aelezwe hali yake, kidogo kidogo, kadiri akili yake inavyokua.

Nianzie wapi?

Kwa askari. Mwambie: damu yako ina askari wanaokulinda. Wapo wadudu wanaowaua. Dawa inawalaza wadudu hao, haiwatoi. Ukiacha kumeza, wanaamka. Mtoto anayechunga mbuzi hapo hahitaji maelezo marefu: dawa ndiyo mchungaji, na mchungaji akisinzia mbuzi wako kwenye uwele wa watu.

Jina la VVU lije baadaye, kabla hajabalehe, mkisaidiana na mshauri wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Usiliseme msibani, wala mkiwa mmetoka kugombana. Hilo nalisisitiza kwa sababu hasira ndiyo huropoka.

Akiuliza alivipataje?

Virusi vinaweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Mama hakukusudia, huenda hata hakujua. Usimchafulie mama yake, hata kama mlikuwa na yenu.

Akiwasimulia wenzake?

Kubalianeni mapema nani wa kuongea naye: wewe, mjomba, nesi. Ajue pia kwamba kula ugali na mlenda sahani moja na wenzake, kucheza mpira au kulala kitanda kimoja hakuambukizi. Wembe tu asichangie.

Akiuliza kama atakufa?

Mara nyingi huuliza usiku, taa imeshazimwa. Usimwambie "lala". Mwambie akimeza dawa kila siku na virusi vikabaki vimelala, atasoma, atazeeka, na anaweza kupata watoto wasio na VVU. Kisha nyamaza kidogo, maana lipo swali la pili.